Kwa nini sala ya Wayahudi ilimsubiri mtu wa kumi?

BintiMvita (Nairobi) anauliza:

Amani iwe kwenu wanajukwaa. Ninaomba kueleweshwa jambo nililolishuhudia hivi karibuni, ambalo sikupata nafasi ya kuliuliza pale pale kwa kuwa nilikuwa katika nyumba yenye msiba, na maswali ya udadisi yasingependeza.

Mwenzangu wa kazini, ambaye ni Myahudi, alifiwa na baba yake. Baada ya maziko familia ilikaa matanga ya siku saba nyumbani, na jioni moja sisi tunaofanya naye kazi tulikwenda kumpa pole. Sebule ilikuwa imejaa watu: majirani, wafanyakazi, jamaa wa kike wa marehemu na watoto. Ulipofika wakati wa sala ya jioni, wanaume kadhaa walisimama na vitabu vyao mikononi, lakini sala haikuanza. Walikuwa tisa. Tuliambiwa kwa upole kwamba anasubiriwa mtu wa kumi, aliyekuwa amekwama kwenye foleni ya magari. Alipoingia, hata kabla hajavuta pumzi, sala ikaanza, na kuelekea mwisho mwenzangu akasoma maneno fulani ambayo wengine walikuwa wakiyaitikia kwa sauti ya juu.

Nimelelewa katika Uislamu wa pwani, kwa hiyo hesabu ya watu katika ibada si jambo geni kwangu. Hata hivyo, sala zetu za kila siku huswaliwa jamaa hata na watu wawili, na anayeswali peke yake sala yake inasihi. Ninauliza basi: je, kwa Wayahudi sala ya mtu mmoja haikubaliki? Kwa nini wawe kumi, wala si saba au kumi na wawili? Inakuwaje sebule iliyojaa watu ihesabiwe kuwa imepungukiwa na mtu mmoja? Na yale maneno aliyoyasoma mwenzangu, je, ni dua ya kumwombea maiti?

MsomajiWaTorati (Dodoma) anajibu:

Dada BintiMvita, ninafundisha Agano la Kale katika chuo cha dini, kwa hiyo haya ninayajua zaidi kutoka vitabuni kuliko kutoka sinagogini. Wenye uzoefu wa karibu watanisahihisha.

Nianze na swali lako la kwanza, kwa sababu likijibiwa vibaya mengine yote yatapinda. Sala ya Myahudi mmoja inakubalika kabisa. Sheria yao inamtaka asali mara tatu kwa siku, yaani sala ya asubuhi iitwayo Shaharit, ya alasiri iitwayo Minha na ya jioni iitwayo Arvit au Maariv, na wajibu huo haumwondokei kwa kuwa yuko safarini, hospitalini au kijijini ambako hakuna Myahudi mwingine. Kiini cha kila moja ya sala hizo ni Amida, ambayo katika siku za kawaida ina baraka 19 na siku ya Sabato ina 7. Huisali amesimama, miguu imebanwa pamoja, uso umeelekea Yerusalemu, baada ya kusogea hatua tatu mbele kama anayeingia mbele ya mfalme, na anapomaliza hurudi nyuma hatua tatu. Midomo inatamka kila neno lakini sauti haisikiki kwa jirani. Wahenga wa Talmudi, kitabu kikubwa cha mijadala ya sheria yao, waliuchukua utaratibu huo kwa Hana, mama yake Samweli, ambaye kwa mujibu wa 1 Samweli 1:13 midomo yake ilicheza bila sauti hata kuhani Eli akamdhania amelewa. Mimi hupenda kuwakumbusha wanafunzi wangu kwamba wanaume wote wale wanaosali kimyakimya wanamfuata mwanamke aliyeshukiwa ulevi. Yote hayo, pamoja na kukiri Shema, yaani ungamo la kwamba Mungu ni mmoja, kusoma zaburi na kuvaa tefilini, yaani vile visanduku vyeusi vya ngozi vinavyofungwa mkononi na kwenye paji la uso katika sala ya asubuhi ya siku zisizo Sabato wala sikukuu, mtu anayafanya akiwa peke yake chumbani.

Isiyowezekana bila watu kumi ni sehemu nyingine, nayo ni ile ya kulitakasa jina la Mungu hadharani. Mishna, mkusanyo wa sheria zao za mapokeo uliokamilishwa karibu mwaka 200, inaorodhesha katika Megila 4:3 mambo yasiyofanywa na watu pungufu ya kumi: miongoni mwake ni kusoma Torati mbele ya kusanyiko, baraka ya makuhani, baraka za harusi na baraka ya wafiwa. Kwa desturi iliyopo leo tuongeze Barekhu, ambayo ni wito wa kuhimidi, Kedusha, ambayo ndani yake mna yale maneno ya Isaya 6:3, «Mtakatifu, mtakatifu, mtakatifu», kurudiwa kwa Amida kwa sauti na kiongozi wa sala, na Kadishi. Ukiyatazama mengi ya haya utaona kwamba yamejengwa kwa wito na mwitiko. Msimulizi wa ngano akisema «Paukwa» na asiwepo wa kusema «Pakawa», hadithi haijafunguliwa. Vivyo hivyo Kadishi isiyokuwa na wa kuitikia «Amina» haijasomwa, hata kama maneno yote yametamkwa.

Kadishi ndiyo uliyoisikia. Imeandikwa kwa Kiaramu, isipokuwa sehemu chache za Kiebrania, na ingawa husomwa na mfiwa, haimtaji marehemu, wala kifo, wala kaburi. Inaanza kwa kuomba kwamba jina kuu la Mungu litukuzwe na litakaswe katika ulimwengu aliouumba kwa mapenzi yake, na mwitiko wake mkuu, ule uliousikia ukisemwa kwa sauti ya juu, ni kwamba jina lake kuu libarikiwe milele na milele. Kwa hiyo si dua ya kumwombea maiti kwa maana tuliyoizoea. Mfiwa anasimama katika saa ambayo mtu angemwelewa akinyamaza au hata akilalamika, na badala yake anawaongoza watu kumsifu Mungu; na wengi wao huamini kwamba tendo hilo la mtoto linahesabiwa kwa manufaa ya mzazi aliyefariki. Kwa mzazi husomwa kwa kawaida miezi 11, na kisha kila mwaka katika tarehe ya kifo kwa kalenda ya Kiebrania. Sababu inayotolewa ya kutofika miezi 12 ni kwamba, kwa mafundisho yao, hukumu ya waovu baada ya kufa hudumu miezi 12, na mtoto hapaswi kumhesabu baba yake miongoni mwa waovu.

Sasa hesabu yenyewe. Mambo ya Walawi 22:32 yanasema Mungu atatakaswa «katikati» ya wana wa Israeli. Talmudi inaunganisha neno hilo na Hesabu 16:21, penye «katikati» na «mkutano» pamoja, kisha inauliza mkutano ni watu wangapi, na kujibu kutoka Hesabu 14:27, ambapo Mungu anawaita «mkutano mwovu» wale wapelelezi waliorudi kutoka Kanaani na habari za kuvunja moyo. Wapelelezi walikuwa 12. Ukiwatoa Yoshua na Kalebu, waliobaki ni 10. Ndiyo kusema kipimo cha kusanyiko takatifu kimechukuliwa kutoka kwa watu kumi wakosefu. Wapo pia wanaotaja wazee kumi ambao Boazi aliwaketisha langoni katika Ruthu 4:2, na Ibrahimu aliyeshuka hadi kumi alipokuwa akiutetea mji wa Sodoma, lakini hoja inayobeba sheria ni ile ya wapelelezi.

Kuhusu kwa nini ninyi mliojaa sebuleni hamkuhesabiwa, kanuni ni kwamba minyani, ndiyo jina la hilo kundi la kumi, ni wanaume kumi wa Kiyahudi waliotimiza miaka 13.

MzeeWaNgambo (Unguja) anajibu:

Bismillahi. Binti yangu, Mwalimu wa Dodoma amekueleza vizuri, ila swali lako la tatu amelipitia kwa sentensi moja tu, na mimi naona ndilo lililokusumbua zaidi. Ruhusa yenu nilijibu kwa njia ambayo sisi wa pwani tunaijua.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo iliyoenea kwetu, Ijumaa haisimami ila kwa watu 40. Hao 40 ni akina nani? Si kila aliyemo msikitini. Ni wanaume waliobaleghe, walio huru na wakazi wa mahali pale. Msafiri aliyeteremka bandarini leo akaingia msikitini akaswali Ijumaa, sala yake ni sahihi na thawabu zake anazipata, lakini hahesabiwi katika wale 40. Mwanamke naye akihudhuria Ijumaa yake inamtosheleza, na hahesabiwi. Hakuna mwenye akili atakayesema kwamba msafiri amedharauliwa. Hakuhesabiwa kwa sababu Ijumaa haikuwa imemlazimu. Nionavyo mimi, kwa Wayahudi nao anayehesabiwa ni yule aliyelazimishwa na sheria jambo lile katika namna ile. Mgeni asiye Myahudi hana agano hilo shingoni mwake, na mtoto hajafikiwa na wajibu. Wewe na wenzako mlikuwa wageni wa heshima kwenye jambo ambalo halikuwa deni lenu.

Mfanano huo usivutwe mbali mno. Kwetu idadi ni sharti la Ijumaa nzima, na ikipungua watu wanaswali Adhuhuri. Kwao sala ya siku inabaki vile vile, ila zinaondolewa zile sehemu alizozitaja Mwalimu. Tena kwao hesabu hii inawakabili asubuhi, alasiri na jioni, kila siku ya Mungu, jambo ambalo kwa jumuiya ndogo ni mzigo usio mdogo.

Mengine mawili niongeze, kwa kuwa yanatugusa sisi wasemaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. La kwanza ni saa. Mishna, katika Berakhot 1:2, inasema kwamba Shema ya asubuhi inaweza kusomwa hadi saa tatu, na Rabi Yehoshua anatoa sababu ya kupendeza, kwamba ndiyo desturi ya wana wa wafalme kuamka saa tatu. Sala ya asubuhi, kwa kauli ya Rabi Yehuda iliyofuatwa, mwisho wake ni saa nne. Mzungu akiyasoma haya ni lazima afanye hesabu, kwa maana saa zao huanza usiku wa manane. Sisi hatuna haja: ni saa tatu na saa nne za asubuhi, zikihesabiwa tangu kuchomoza jua, kama tunavyosema kila siku. Tofauti ni kwamba wao wanaugawa mchana mafungu 12 sawa, uwe mrefu au mfupi. Kule London fungu moja huzidi dakika 80 mwezi wa Juni na huwa chini ya dakika 40 mwezi wa Desemba. Huku kwetu karibu na ikweta linakaribia dakika 60 mwaka mzima, na jua likichomoza Nairobi saa kumi na mbili na nusu, basi «saa tatu» ya Mishna inaangukia saa tatu na nusu ya saa ya ukutani. Hata siku yao kuanza jua linapotua, kwetu si jambo la kufundishwa. Usiku wa kuamkia Ijumaa tunauhesabu kuwa ni wa Ijumaa.

La pili ni mwelekeo. Mfalme Sulemani, katika 1 Wafalme 8, aliomba kwamba walio mbali wakisali kuuelekea mji na nyumba ile wasikilizwe, na Danieli akiwa Babeli alipiga magoti mara tatu kwa siku, madirisha yake yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu. Wayahudi wa Ulaya wamezoea kuelekea mashariki, hata wengine hutundika pambo kwenye ukuta wa mashariki wa nyumba. Anayesali Nairobi hana sababu ya kufuata mashariki hayo, kwa sababu Yerusalemu kutoka hapo iko karibu kaskazini kabisa, inaegemea magharibi kidogo sana. Kibla chetu kutoka huko huko kiko kaskazini kikiegemea mashariki kidogo. Kwa hiyo binti yangu, ungetandika mswala wako katika nyumba ile, wewe na mwenzako mngekuwa mmeelekea takriban upande mmoja. Waislamu wa mwanzo wenyewe waliuelekea mji huo katika sala kabla kibla hakijageuzwa kuelekea Makka.

MkaziWaMbale (Uganda) anajibu:

Ndugu zangu, nimesoma kwa makini na ninawashukuru wote wawili, lakini nina jambo la kupinga katika jibu la Mwalimu. Alipoandika kwamba minyani ni wanaume kumi, aliandika kana kwamba Wayahudi wote duniani wamekubaliana hivyo. Sivyo. Hiyo ndiyo sheria ya Waothodoksi, yaani Wayahudi wanaoishika sheria ya kale kama ilivyopokewa, na nyumba aliyokwenda dada yetu bila shaka inaifuata. Waislahi, yaani Wayahudi wa mrengo wa mageuzi, waliacha tofauti hiyo zamani. Miongoni mwa wale wa mrengo wa kati, ambao kwa Marekani huitwa Wakonsavativu, kamati yao ya sheria ilitoa ruhusa mwaka 1973 kwamba mwanamke ahesabiwe, na leo sehemu kubwa ya sinagogi zao hufanya hivyo.

Ninayasema haya kwa sababu ninaishi jirani na Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, na baadhi yao nimesoma nao. Jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekuwa amewatumikia Waingereza kisha akakosana nao. Aliisoma Biblia kwa Kiganda, akashikamana na Torati, na mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanawe. Kwa miaka mingi walisali kwa kile walichokielewa kutoka katika maandiko, kabla hawajapata vitabu vya sala na mafundisho kutoka kwa Wayahudi wa nje. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970, wengi waliiacha, na waliobaki walisali kwa siri. Hapo ndipo hesabu ya watu kumi inapokuwa na uzito ambao mtu wa mji mkubwa haujui, kwa sababu kumkosa mmoja hakukuwa suala la foleni ya magari. Mwaka 2002 marabi wa Kikonsavativu walikuja Uganda wakawaingiza rasmi mamia ya watu katika Uyahudi, na mwaka 2008 Gershom Sizomu, kiongozi wao, alitawazwa kuwa rabi baada ya masomo huko Los Angeles. Katika sinagogi yao ya kilima cha Nabugoye wanawake huhesabiwa, huongoza sala na husoma Torati, na baadhi ya zaburi huimbwa kwa Kiganda kwa tuni ambazo jirani yeyote wa Kianglikana angezitambua kuwa ni za nyumbani. Lakini si mbali na hapo, kijijini Putti, wako Abayudaya wengine walioshika njia ya Kiothodoksi, na kwao wanaohesabiwa ni wanaume peke yao. Wilaya za jirani, asili moja, hesabu mbili.

Hoja ya wajibu aliyoileta Mzee wa Ng'ambo ninaikubali, na kwa hakika pande zote mbili za mjadala huu zinaitegemea. Waothodoksi wanasema mwanamke amesamehewa amri nyingi zilizofungwa na wakati, kwa hiyo hana wajibu ule ule wa sala ya kusanyiko, kwa hiyo hahesabiwi. Wengi wa wanaowahesabu hawasemi kwamba wajibu hauna maana. Wanasema mwanamke wa leo ameuchukua wajibu huo, au anapaswa kuuchukua. Kuna kisa katika Talmudi, Berakhot 47b, kinachoonyesha jinsi hoja hiyo ilivyo ya zamani. Rabi Eliezer aliingia sinagogini asikute watu kumi, akamwacha huru mtumwa wake papo hapo ili atimize hesabu. Mtu ni yule yule, sauti ni ile ile, imani ni ile ile. Kabla ya kuachwa huru hakuhesabiwa, na dakika iliyofuata akawa wa kumi. Talmudi yenyewe inashtuka, kwa sababu wapo waliokataza kuwaacha huru watumwa wa aina yake, na inajibu kwamba jambo la manufaa ya wengi lina uzito wa pekee. Kwangu mimi kisa hicho kinaeleza zaidi kuliko wale wapelelezi kumi.

BintiMvita anaandika tena:

Ninawashukuru sana, sikutarajia kupata elimu hii yote. Mzee wangu, mfano wa msafiri na Ijumaa umenitoa kwenye kiza, na ndugu wa Mbale, ninakiri kwamba sikujua habari za Nabugoye ingawa nimepita Mbale mara nyingi.

Yamebaki mambo matatu madogo. Mmoja wa wazee alikuwa akiwapitia wale wanaume kwa macho huku akinong'ona, na nilidhani anahesabu, lakini alichokuwa akikisema hakikuwa tarakimu. Alikuwa akifanya nini? La pili, ndugu wa marehemu aliye London alikuwa kwenye simu ya video tangu mwanzo, na hakuna aliyependekeza ahesabiwe kuwa wa kumi. La tatu linanihusu mwenyewe: watu walipoitikia «Amina» mimi nilinyamaza, kwa kuchelea kwamba si mahali pangu. Je, ningeitikia ningekuwa nimekosea?

MsomajiWaTorati anajibu:

Nianze kwa kumshukuru ndugu wa Mbale. Marekebisho yake ni ya haki na ninayapokea.

Yule mzee alikuwa anahesabu kweli. Wayahudi wanaepuka kuwahesabu watu kwa tarakimu, wakikumbuka Kutoka 30:12, ambapo kila aliyehesabiwa alitoa fidia ya nafsi yake pigo lisije, na pia tauni iliyofuata sensa ya Mfalme Daudi katika 2 Samweli 24. Kwa hiyo hutumia aya ya Zaburi 28:9, inayomwomba Mungu awaokoe watu wake, aubariki urithi wake, awachunge na kuwachukua milele. Kwa Kiebrania aya hiyo ina maneno kumi. Anayehesabu humpa kila mtu neno moja, na aya ikikamilika anajua kwamba watu wametimia. Ikikatika njiani, wanasubiri, kama mlivyosubiri ninyi.

Suala la simu lilizua mjadala mkubwa mwaka 2020, sinagogi zilipofungwa kwa sababu ya korona. Kitabu cha sheria kiitwacho Shulhan Arukh, cha Yosef Karo wa karne ya 16, kinataka watu kumi wawe mahali pamoja pamoja na kiongozi wao wa sala, lakini kinamkubali aliye nje ya sinagogi akiuonyesha uso wake dirishani, hata dirisha likiwa juu ghorofa kadhaa. Waothodoksi waliishika sharti ya mahali: hawakuhesabu kwa mtandao, ila katika miji mingi, hasa Israeli, watu walisali kila mmoja akiwa kwenye roshani yake huku wakionana na kusikilizana kwa macho na masikio yao. Kamati ya Wakonsavativu, kwa upande wake, iliruhusu mwezi Machi mwaka huo kwamba kwa dharura ile watu kumi walioonana kwa video wahesabiwe. Yule ndugu wa London, kwa sheria ya nyumba ile, hakuweza kuwa wa kumi. Lakini kumi walipotimia chumbani, yeye aliyewasikia kutoka mbali alikuwa na ruhusa ya kuitikia pamoja nao, kwani wahenga walisema kwamba hata ukuta wa chuma hauwatengi Israeli na Baba yao aliye mbinguni.

Kuhusu Amina yako, usingekuwa umekosea. Hakuna kinachomkataza mgeni kuitikia sifa ya Mungu anayoiamini, na hakuna aliyekulazimu. Kunyamaza kwako pia kulikuwa ni adabu. Ikiwa matanga bado yanaendelea na huenda ukarudi, nikudokeze machache. Mlango wa nyumba hiyo mara nyingi huachwa bila kufungwa ili wageni wasibishe hodi. Ukiingia, usianze wewe kuzungumza na mfiwa. Kaa, ukamsubiri aseme yeye kwanza, na akiwa hataki kusema, kukaa kwako kunatosha. Ukimkuta ameketi kwenye kigoda kifupi, au vioo vya nyumba vimefunikwa, usishangae, ni desturi ya siku hizo saba.

MkaziWaMbale anajibu:

Niongeze moja tu juu ya hayo. Unapoaga, maneno wanayoambiana wao ni kumwombea mfiwa kwamba Mungu amfariji pamoja na wote wanaoiombolezea Sayuni na Yerusalemu. Wewe si lazima uyatumie hayo. «Pole» ya kwetu, ikisemwa kwa taratibu, wataielewa. Na ukiweza kupeleka chakula, uliza kwanza kwa simu wanakula nini na kutoka wapi, kwa sababu sheria zao za jiko ni kali kuliko za sala. Matunda mazima yasiyokatwa ndiyo yasiyoleta taabu.

MzeeWaNgambo anajibu:

Matunda hayo, binti yangu, yasiwe na kisu chako ndani yake wala sahani yako chini yake. Peleka kikapu kama kilivyotoka sokoni.